Mgongo umeumia kazini ila wanasema ni uzee, nafanyaje?

mbebamizigo_dar: Wakuu habari. Mwezi wa 3 nilikuwa napakia magunia kwenye fuso, kiuno kikaalika nikakaa chini hapohapo. Picha ya MRI inaonyesha diski ya uti wa mgongo imetoka, sasa daktari wa kampuni kaandika ni kuchakaa kwa umri. Nina miaka 41 jamani! Fidia naipataje?

Mama Tunu: Pole mdogo wangu. Tajiri aliripoti WCF, ule Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi? Sheria inampa siku 7 tangu ajue, na wewe usivuke miezi 12 hujadai.

mwanasheria_uchwara: Hapo shida sio MRI, MRI inaonyesha diski imetoka haisemi imetolewa na nini. Rudi kwa daktari wa mifupa mweleze ile siku ilivyokuwa, uzito wa gunia, ulibeba mangapi, maumivu yalianza saa ngapi, halafu aandike KWA NINI anaona gunia ndo chanzo, sio "huenda". Na kama mgongo ulishaanza kuchakaa kabla usifiche, aeleze hali ilivyobadilika baada ya tukio, maana ukificha wakakuta faili la zamani umekwisha. Tafuta pia ile karatasi ya kupimwa afya ulipoajiriwa, kama ulikuwa mzima hiyo ni dhahabu.

mbebamizigo_dar: Nilipimwa ndio, 2019. Ila siku ile nilienda famasi tu nikanywa diklofenaki, hospitali nikaenda baada ya siku 9

mwanasheria_uchwara: Duh, hapo ndo watakubana. Risiti ya famasi unayo? Na mliokuwa nao kwenye fuso waandike maelezo mapema kabla hawajahamishwa