Umeme kwenye misuli, mitetemo au glavu: kipi kinakufanya uhisi mzigo?

Kuli_Dijitali
Wakuu, habari zenu. Natengeneza mchezo wa uhalisia pepe (VR, ule wa kuvaa miwani) wa kupakia mizigo ghalani. Picha ziko safi, ila mkono unapita ndani ya kreti kana kwamba ni moshi. Naona njia tatu: mota za mtetemo, glavu zenye breki, au kusisimua misuli kwa umeme, yaani EMS. Mnaozijua, nipeni tofauti.

Bi_Saketi
Kaka, hizo tatu hazifanyi kazi moja. Mota huishia kwenye ngozi. Koti la bHaptics TactSuit X40 lina mota 40, na ukipigwa mchezoni unajua ni upande gani, lakini ukisukuma ukuta mkono unapita vilevile. Glavu kama SenseGlove Nova huzuia vidole visikunjike, hivyo ukishika mpira unausikia umejaa kiganjani. Ila bega na kiwiko hakuna anayevizuia, kwa hiyo kreti ya kilo 20 itainuka kama boksi tupu.

Kwa uzito, chukua EMS. Mwaka 2017 mtafiti Pedro Lopes na wenzake wa taasisi ya Hasso Plattner Institute, Potsdam, Ujerumani, waliwabandika watu elektrodi, yaani vibandiko vya kupitisha umeme, mikononi hadi mabegani. Ukiinua kitu kizito, umeme unaukaza msuli wa nyuma ya mkono, mkono unataka kushuka, nawe unalazimika kukaza wa mbele ili usiangushe. Jasho utakalotoa ni la kweli.

Mzee_wa_Kodi
Kwenye uzito nakubaliana na dada. Ukuta je? Timu hiyohiyo ilijaribu kuuzuia mkono kabisa, na matokeo hayakuridhisha: umeme ulikuwa mkali, tena watu walihisi kuvutwa na misuli yao badala ya kusukumwa na ukuta. Wakabadilisha ukuta wenyewe. Ama uwe laini, mkono uzame kidogo, ama uonekane kama uzio wa umeme unaokurudisha kwa pigo fupi. Hapo jicho na msuli vinakubaliana. Ukichora zege, EMS itakuangusha.

Mnyoosha_Viungo
Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, na umeme huu nautumia kwa wagonjwa. Mwenye kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo, mwenye kifafa na mjamzito wasiguswe kabisa. Elektrodi za jozi moja zikae mkono uleule, umeme usikatize kifua. Tumia mashine ya tiba inayotumia betri. Usiunde yako ya kuchomeka ukutani, tafadhali. Anza sifuri, panda polepole huku mtu anakwambia anavyosikia, na urudie kila mara anapovaa, kwa sababu kibandiko kikisogea kidogo tu unagusa msuli mwingine. Halafu msuli unaokazwa kwa umeme huchoka upesi kuliko ukikazwa na mwenyewe.

Kuli_Dijitali
Asanteni sana. Kwa hiyo umeme uwake kreti inapoinuliwa tu. Naweza kuuchanganya na mota?

Bi_Saketi
Changanya. Mwaka 2015 timu hiyo ya Potsdam ilitengeneza Impacto: kidude kinagonga ngozi papo hapo umeme unapousukuma mkono, ukahisi umepigwa ngumi. Pigo la kidude ni jepesi, nguvu inatoka kwenye msuli. Kwako weka mota ndogo kwenye ncha za vidole kwa ajili ya kugusa, EMS kwenye mkono wa juu kwa ajili ya uzito, na glavu ziache hadi utakapohitaji watu washike vitu vidogo.