Tupeane uzoefu: mhadhara gani wa sayansi au maendeleo ulikufanya ubadilishe kitu?

Mwalimu wa Bahi

Mbukwenyi wakuu,

Nafundisha fizikia kwenye shule ya kata wilayani Bahi. Naomba uzi huu tuuweke kwa jambo moja tu: mzungumzaji uliyewahi kumsikia, iwe ana kwa ana, redioni au kwenye simu, akielezea sayansi, jamii au maisha ya kesho, na baada ya hapo ukafanya kitu ambacho hukuwa unakifanya. Waliotufurahisha tu tuwaache. Hao ni wengi, hasa Dodoma hii ya makongamano. Nawatafuta waliokuachia kazi.

Nianze mimi. Wangu alizungumza kabla sijazaliwa: Dkt. Denis Osborne, aliyekuwa akifundisha fizikia Dar es Salaam miaka ya sitini. Alialikwa kuzungumza na wanafunzi wa Mkwawa, Iringa. Hotuba yenyewe hakuna anayeikumbuka. Kinachokumbukwa ni swali aliloulizwa mwishoni na mwanafunzi mmoja, Erasto Mpemba.

Mpemba alikuwa nalo tangu 1963, alipokuwa kidato cha tatu Magamba kule Lushoto. Wanafunzi walitengeneza aiskrimu kwa maziwa ya kuchemsha na sukari, na utaratibu ulikuwa maziwa yapoe kwanza ndipo yaingie kwenye friji. Siku hiyo nafasi ilikuwa ya kugombania, akayaingiza yangali moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake yaliyoingia yakiwa ya baridi. Alipomuuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa. Basi pale Mkwawa akamuuliza mgeni: maji ya nyuzijoto 35 na ya nyuzijoto 100, ujazo sawa, ukiyaweka kwenye friji yale ya 100 yanatangulia kuganda, ni kwa nini? Ukumbi ukacheka. Osborne hakucheka. Aliporudi Dar es Salaam maabara ikalipima jambo hilo, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala pamoja. Dunia nzima leo inaliita jambo hilo kwa jina la Mpemba.

Wanasayansi bado wanabishana. Wapo waliopima upya, wakachapisha mwaka 2016 kwamba hawakuliona. Nawaeleza wanafunzi wangu hilo pia, maana ni haki yao kujua kwamba jambo lenye jina la Mtanzania linapimwa kwa ukali uleule kama jingine lolote.

Kilichobadilika kwangu: kipindi cha mwisho cha juma nimekifanya cha maswali. Swali nisiloweza kulijibu linaandikwa kwenye daftari la darasa pamoja na jina la aliyeuliza, halafu tunatafuta namna ya kulipima. Binti mmoja aliuliza kwa nini kisima cha kwao kina maji ya chumvi na cha jirani ni matamu, na visima vyenyewe vinaonana. Tukachota ndoo mbili, tukachemsha kiasi sawa cha kila moja mpaka sufuria zikakauka, tukakwangua mabaki tukayaweka kwenye mizani. Tofauti ilionekana hata kwa macho. Kwa nini miamba ya chini inatofautiana hatujafika, ila darasa zima sasa linataka kujua.

Karibuni.

Mama Mgunga, Mpwapwa

Asante mwalimu. Wangu hakuwa daktari wala profesa. Alikuwa mkulima mwenzetu aliyefundishwa kuwa mwelekezaji wa Kisiki Hai, yaani njia ya kukuza upya miti kutoka kwenye visiki, akapewa nafasi kwenye mkutano wa kijiji baada ya ajenda ya zahanati. Watu walikuwa wameshaanza kunyanyuka. Akauliza swali moja: kila mwaka mkisafisha mashamba mnafyeka nini? Tukajibu vichaka. Akasema vichaka hivyo hivyo vya mwaka jana na juzi? Tukanyamaza, maana ni kweli. Mgunga ule ule naufyeka tangu nimeolewa, na kila masika unarudi.

Akatueleza kwamba unarudi kwa sababu mti haujafa. Umekatwa juu tu, mizizi iko chini inasubiri kuachwa. Akatuhadithia habari za Tony Rinaudo, Mwaustralia aliyekuwa Niger mwaka 1983. Alihangaika kupanda miche kwa miaka na mingi ilikufa. Siku moja akasimamisha gari apunguze upepo wa matairi apite kwenye mchanga, akakitazama kichaka cha kandokando ya njia, akatambua kwamba ni mti uliokatwa unaochipua. Jangwa lote alilokuwa akilihangaikia lilikuwa limejaa msitu chini ya ardhi. Wakulima wa Niger wameotesha miti kwa njia hiyo kwenye hekta kama milioni 5, bila kununua mche.

Huku kwetu kazi hiyo inasambazwa na shirika la LEAD Foundation. Mbinu yenyewe ni ndogo: chagua machipukizi matatu mpaka matano yaliyonyooka, mengine kata, matawi ya pembeni punguza mpaka nusu ya urefu, funga kitambaa mti ujulikane una mwenyewe. Mume wangu aliogopa kivuli kitaharibu mtama. Tukaanza na visiki vya mpakani tu. Leo yeye ndiye anayewagombeza watoto wakikata ovyo. Kuni za kupogolea natumia, mbuzi wanakula maganda ya mgunga, na chini ya ile miti udongo unakaa na unyevu wakati kwingine umeshapasuka.

Mpitaji, Chang'ombe

Nisiwe mchoyo wa sifa, lakini tuseme ukweli. Semina nyingi watu wanafuata posho. Nimeshakaa kwenye moja ya mabadiliko ya tabianchi, mtoa mada akasoma maandishi ya ukutani kwa Kiingereza mpaka chakula kikafika. Hakuna aliyeuliza kitu. Hiyo nayo mnaiita mhadhara?

Mwalimu wa Bahi

Mpitaji, ndiyo maana nimeufungua uzi huu. Mama Mgunga ametaja mtu aliyeanza kwa swali, kwa lugha ya wasikilizaji, kuhusu kitu kilicho shambani mwao. Hilo linawezekana hata pasipo na bajeti.

Wa Chemba

Wangu ulihusu sumukuvu, sumu ya kuvu kwenye nafaka. Waliokuwa huku mwaka 2016 wanakumbuka. Watu waliumwa, macho yakawa ya njano, matumbo yakajaa, na wengine tuliwazika, Chemba na Kondoa na upande wa Kiteto. Maneno yalikuwa mengi, kuna walioanza kunyoosheana vidole vya uchawi.

Bwana afya aliyekuja kwetu alibeba mahindi kwenye beseni. Akatuonyesha punje zenye ukungu wa kijanikijani, akasema kuvu hiyo hutengeneza sumu inayopiga ini, na kupika hakuiondoi. Hapo ndipo nilishtuka, kwa sababu mama yangu alituaminisha kwamba ugali ukiiva vizuri hakuna kitakachodhuru. Mzee mmoja akauliza, mbona tunakula hivi tangu enzi za babu? Hakumkaripia. Alimjibu taratibu kwamba sumu kidogo kidogo haiui leo, inachosha ini miaka na miaka, na inarudisha nyuma ukuaji wa watoto. Inapozidi sana kwa mara moja, ndiyo yale tuliyoyaona.

Tangu hapo mahindi na karanga zangu hazigusi ardhi tupu. Zinaanikwa juu ya turubai, zikikauka sawasawa ndipo ziingie stoo, na magunia yanakaa juu ya chaga. Punje mbovu nazichambua na kuzitupa. Kuwapa kuku nimeacha, nao wanadhurika. Nawasihi mnaosoma hapa, nyumbani kwa wazee wenu waulizeni wanaanika wapi.

Fundi wa Singida

Wangu ni William Kamkwamba wa Malawi, nilimwona kwenye simu. Mwaka 2007 mkutano wa mihadhara mifupi uitwao TED ulifanyika Arusha, akapandishwa jukwaani kijana wa miaka 19 mwenye Kiingereza cha kubabaisha. Alikuwa ameacha shule kwa kukosa ada wakati wa njaa ya 2002, akasoma kitabu cha maktaba na kutengeneza mtambo wa upepo kwa fremu ya baiskeli, feni ya trekta na nguzo za mti. Taa zikawaka kwao. Singida upepo tunao wa kutosha. Sasa kijana akija gereji kwangu kuomba vyuma chakavu, namuuliza anataka kuunda nini, halafu nampa.

Nkuhungu

Nipo chuo hapa Dodoma. Mhadhiri alituonyesha rekodi ya kina cha maji ya visima vya Makutupora, vinavyolinywesha jiji, ya zaidi ya miaka hamsini. Mstari unashuka, unashuka, halafu unaruka juu ghafla. Mruko mkubwa ulikuja na El Nino ya 1997 na 1998. Maana yake mvua za kawaida haziongezi sana maji ya chini. Tunakunywa akiba ya miaka michache ya mvua kubwa. Nilizoea kuichukia El Nino kwa mafuriko tu. Pale tulipopanga nimewashawishi wenzangu tukachangia mfereji wa bati na simtanki.

Wa Chemba

Mama Mgunga, swali. Baada ya mavuno ng'ombe na mbuzi wa kila mtu wanaingia mashambani kula mabua. Machipukizi unayalindaje?

Mama Mgunga, Mpwapwa

Dada, hapo ndipo pagumu. Ile miiba unayoipogoa usiichome, izungushie kisiki, mbuzi hasogei. Kisha nendeni kwa mwenyekiti, kijiji kiweke sheria ndogo, na wachungaji muwaite kwenye kikao hicho hicho wasikie wenyewe sababu. Kwetu wachungaji ndio walioomba vitambaa viwe vyekundu, waone kwa mbali.