Mtafiti ameniuliza hadi unga niliomwaga. Hesabu hizi zaenda wapi?

Bi Mahamri, Likoni
Asalaam aleikum. Juzi nikikaanga mahamri, akaja kijana na tableti, adabu tele. Nani aliugua nyumbani mwezi uliopita? Mjukuu, homa. Dawa pesa ngapi? 250, maana zahanati hawakuwa nayo, tukatumwa duka la dawa. Nikadhani yamekwisha. Kumbe ndio kwanza! Nauli je? Feri twavuka bure, lakini tuktuk ya ng'ambo, kwenda na kurudi, 300. Siku hiyo uliuza? Sikuuza. Ulikopa? Nalikopa. Nikakumbuka kilo nne za unga nilizokanda usiku, nikarudi zimechacha, nikamwaga. Akaandika hata huo unga. Mimi mwenyewe nalikuwa sijaupigia hesabu.

Sasa wasomi, nambieni. Kila mwaka twaulizwa. Yatufaa nini?

Mdodosaji Mstaafu
Mamangu, huo unga ndio wenyewe. Daftari la hospitali lajua ulicholipa dirishani tu. Nauli, deni na siku ya kazi iliyopotea havimo, na mara nyingi ndivyo vizito kuliko dawa.

Nikupe kisa cha neti. Wakubwa walikuwa wakisema cha bure hakithaminiwi, watu walipe japo kidogo. Wachumi Jessica Cohen na Pascaline Dupas wakajaribu kwenye kliniki za wajawazito magharibi mwa Kenya: kwingine neti bure, kwingine bei tofauti tofauti hadi shilingi 40. Kwenye 40, waliochukua walipungua kwa pointi 60 za asilimia kuliko kwenye bure. Na waliopewa bure walizitumia sawa na walionunua. Matokeo yalichapishwa 2010. Serikali ilishaanza kugawa neti bure kwa wingi 2006, kwa hivyo sisemi utafiti huu ndio ulioleta ugawaji. Lakini ile hoja ya "cha bure" haikusimama tena vile.

Abu Tuktuk
Bi Mahamri, 300 hiyo si mimi 😅 Ila shilingi 40 kumkimbiza mtu, wallahi naamini. Mimi abiria hunishukia njiani kwa kumi.

Nesi wa Zamu
Na mimi niseme la upande wetu. Tangu 2004 zahanati zikitoza shilingi 10, vituo vya afya 20. Mwaka 2013 ada hizo zikaondolewa. Vizuri, lakini dawa ikikosekana rafuni, gharama yahamia duka la dawa. Dirishani ni bure, na 250 ya Bi Mahamri iko palepale. Bila maswali ya nyumbani nani angeiona?

Maswali ya bima ndiyo nina shaka nayo. Chini ya SHA, mamlaka ya bima ya afya ya jamii, aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Asiye na mshahara hukisiwa kwa maswali ya hali ya nyumba, kama paa, na maisha yake, haipungui 300 kwa mwezi, na hutakiwa alipe ya mwaka mzima kwa mkupuo. Kuna mpango wa kulipa polepole, lakini huo nao ni mkopo.

Bi Mahamri, Likoni
Mwaka mzima kwa mkupuo! Mimi pesa yangu ni ya asubuhi, ikifika adhuhuri ishakuwa unga wa kesho. Na mwezi wa Ramadhani asubuhi hakuna mnunuzi, nahamia jioni wakati wa magharibi, siku nyingine nusu ya mauzo. Paa langu litamwambia nani hayo?

Shukran nesi, shukran mdodosaji. Kijana aliniachia namba. Nitampigia aongeze Ramadhani kwenye karatasi yake, ila safari hii aje saa nne, mafuta yashapoa. Juzi aliniunguzia sufuria nzima.