Mrejesho: bastola ndogo iliyokuwa ikibana ganda

Wakuu, asanteni. Niliuliza mbona bastola yangu ya milimita 9 inabana ganda tupu la risasi iliyokwisha kupigwa, likiwa wima kwenye tundu la kulitolea nje. Nimerudi uwanja wa shabaha hapa Nakuru na risasi 150.

Magazini (vibebeo vya risasi) zote mbili nilizitia alama kwa rangi ya kucha. Kosa halikufuata magazini moja, basi springi zake nikaziondolea lawama. Lilitokea mara 4, zote nikipiga kwa mkono mmoja, kifundo kimelegea. Bastola nyepesi ikirudi na mkono ukarudi nayo, slaidi (sehemu ya juu inayoteleza nyuma na mbele) haimalizi safari, ganda linanaswa kabla halijaruka nje.

Ndoano ya kuvutia ganda nayo ilijaa masizi. Nikaisugua kwa mswaki mkavu. Risasi 50 za mwisho, mikono miwili, hakuna iliyokwama. Ila nilibadili mambo mawili kwa mpigo, kwa hiyo nitarudia mkono mmoja peke yake.