Mjadala: Programu ndiyo ichague kamyo ya kemikali ya kufunguliwa Kasumbalesa?

Hoja: Matamko ya mizigo inayoingia Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo na Zambia, yanapita ndani ya Sydonia World, mfumo wa kompyuta wa forodha, na mfumo unayagawa kwenye njia ya kijani (pita), njano (kagua karatasi), nyekundu (fungua mzigo) au buluu (pita, ukaguliwe baadaye) kwa vigezo vilivyoandikwa na watu. Wako wanaotaka kazi hiyo ipewe programu inayojifunza kutokana na matamko ya zamani na kuupa kila mzigo wa kemikali alama ya hatari. Tukubali?

Mchambuzi wa takwimu, Lubumbashi: Nakubali, ila tujue kwanza inafundishwa kutafuta nini. Modeli ya DATE, iliyotokana na mradi wa BACUDA wa Shirika la Forodha Duniani na kujaribiwa Nigeria, inatafuta bei zilizopunguzwa na kodi iliyopotea. Kodi iliyopotea na sumu iliyofichwa ni vitu viwili. Mzigo uliolipiwa kila faranga unaweza kuua watu, na programu ya kodi itaupitisha kijani. Kwa kemikali tunahitaji jibu la maabara liingizwe katika mfumo kila mara: sampuli imelingana na karatasi, au haikulingana. Pasipo hilo hakuna cha kujifunza.

Mkemia wa kiwanda, Likasi: Yaya, kabla ya kujifunza kokote, hesabu za darasani zingenasa mengi. Asidi salfuriki ya asilimia 98 ina uzito wa kilo 1.84 kwa lita. Tani 30 basi ni lita 16,300 hivi. Tamko likisema tani 30 na lita 28,000, ama kipimo ni cha uongo ama ndani ya tangi si asidi hiyo. Na msidhani iliyotiwa maji ni salama zaidi. Asidi kali hujenga utando wa salfeti juu ya chuma cha kawaida na kukilinda. Iliyotiwa maji hukila chuma na kutoa haidrojeni. Karatasi ikitaja asilimia 50 na tangi la chuma cha kawaida, hiyo peke yake ni nyekundu.

Halafu msisome tamko moja moja, someni namba ya kamyo. Metabisalfaiti ya sodiamu, inayotumika kuyeyusha kobalti, ikikutana na asidi hutoa dioksidi ya salfa. Haidrosalfaidi ya sodiamu, ya kuelesha madini ya shaba yaliyooksidika, ikikutana na asidi hutoa salfaidi ya haidrojeni, gesi inayoua kwa pumzi chache. Wenye mali wawili, matamko mawili safi kabisa, kamyo moja: hapo ndipo mauti yanapojificha.

Na namba ya CAS, utambulisho wa kila kemikali duniani, hujihakiki yenyewe. Chukua 7664-93-9 ya asidi salfuriki. Acha 9 ya mwisho, kisha zidisha kutoka kulia: 3×1, 9×2, 4×3, 6×4, 6×5, 7×6. Jumla 129, inaishia na 9, sawa na ile tuliyoiacha. Namba ya kubuni huanguka hapo mara nyingi.

Deklara (wakala anayeandika matamko ya forodha), Kasumbalesa: Baba mkemia, hesabu yako inataka karatasi zinazosomeka. Ankara inatoka Durban kwa Kiingereza, tamko ni la Kifaransa, na metabisalfaiti ileile inaandikwa SMBS, au kwa jina refu, au «réactif» (kitendanishi) tu. Wengine wanaitupa kwenye namba ya ushuru 3824, kapu la kemikali zisizo na kundi lake. Programu isiyofundishwa majina hayo yote itamkosea mkweli na kumwacha mjanja. Tena nyekundu si rangi tu. Ni tangi la asidi linalosimama juani katikati ya foleni, pembeni ya wachuuzi na madereva wanaopika chini ya magari yao.

Mchambuzi wa takwimu: Mama, hofu yako ina hesabu. Tuseme kamyo 1,000, mbovu 10. Programu inanasa 9 kati ya hizo na inazikosea asilimia 5 tu za zilizo safi. Hiyo ni kama 50 zinazosimamishwa bure ili kupata 9. Programu nzuri, na bado alamu nyingi ni za uongo, kwa sababu wabovu ni wachache.

Afisa mstaafu wa forodha: Ongeza hili. Asidi salfuriki imo katika Jedwali la II la Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1988 kuhusu dawa za kulevya, orodha ya kemikali zinazoweza kutumika kuzitengeneza. Orodha hiyo ikiingizwa ilivyo, kila tangi liendalo migodini litawaka, na ndani ya wiki moja wakaguzi watazoea kubofya «imepita». Orodha ipimwe kwa mpokeaji: asidi kwenda kiwanda chenye matangi ya kuyeyusha shaba ni kawaida, asetoni nyingi kwenda duka la nguo si kawaida. Nitrati ya amoniamu inayoitwa mbolea, ikifika Mei ilhali mahindi hupandwa mvua zinapoanza miezi baadaye, iulizwe shamba liko wapi.

Pia sehemu ndogo ya kamyo zichaguliwe kwa bahati nasibu, hata zenye alama ya chini. Programu inayolishwa tu matokeo ya kamyo tulizozishuku itajifunza mazoea yetu, nayo itaendelea kuwashuku walewale. Na vigezo viwe sawa kwenye vituo vingine vya mpaka, Sakania na Mokambo, la sivyo mzigo utahamia huko.

Mwanaharakati wa mazingira, Kolwezi: Februari 2019 kamyo ya asidi ilipata ajali katika barabara ya Lubumbashi kwenda Kolwezi, watu wapatao 20 wakafa. Karatasi hazionyeshi breki. Alama ya hatari isiyohesabu ukaguzi wa gari na njia litakayopita ni nusu ya kazi.

Mkemia wa kiwanda: Kweli. Na anayekwenda kufungua tangi asitumie karatasi ya pH, haiwezi kutofautisha asilimia 50 na 98. Atumie haidromita, kipimo cha uzito wa kimiminika kwa lita: 1.84 kwa ile kali, karibu 1.40 kwa ile ya 50. Vifaa viwe visivyotoa cheche, kwa sababu haidrojeni hulipuka, na maji yasiingie tangini kamwe.

Deklara: Basi alama itolewe mzigo ukiwa bado Durban au Dar es Salaam, tamko likitangulia. Nyekundu isimamishe karatasi huko, sampuli ichukuliwe huko. Mkikubali hilo, nami niko upande wenu. Mkikataa, mtaongeza matangi kwenye foleni.

Afisa mstaafu: Sampuli ya huko inataka makubaliano na mamlaka za huko, na lakiri inayokaguliwa tena hapa. Nani atalipa maabara?