Naomba ushauri: adapta ya Wi-Fi ya USB inakatika nikinakili faili

Habari wakuu. Nina kompyuta ya mezani, Windows 10, isiyo na Wi-Fi ya ndani, hivyo natumia adapta ya USB 3.0 yenye bendi mbili (masafa ya 2.4 GHz na 5 GHz). Imechomekwa nyuma ya kasha, pembeni kabisa ya diski ya nje ambayo nayo ni USB 3.0. Ruta iko chumba cha pili.

Kwenye 5 GHz haikatiki, ila mlango ukifungwa mawimbi yanabaki mstari mmoja. Nikihamia 2.4 GHz mistari inajaa, lakini nikianza tu kunakili faili kwenye diski, ping (muda wa ujumbe mdogo kwenda na kurudi) ya kwenda kwenye ruta yenyewe inaruka kutoka 3 ms hadi mia kadhaa, kisha haijibu kabisa. Nikisimamisha, inarudi. Kwa hiyo mtoa huduma hahusiki hapa.

Nimeweka draiva mpya, nimeondoa tiki inayoruhusu kompyuta kuizima adapta kuokoa umeme, na ruta nimeiweka chaneli 1, upana 20 MHz. Wapi! Porti ya USB 2.0 ya mbele inatuliza mambo, ila mwisho wake ni 480 Mbps, na kiuhalisia hata hapo hufiki.

Nashuku kelele za USB 3.0 (mawimbi yanayovuja kwenye porti na waya zake), maana zinaangukia humo humo kwenye 2.4 GHz. Je, waya wa kurefusha wa mita 1 wenye kinga nzuri utatosha kuitenga adapta, au nao utavujisha kelele? Na kuna aliyepata nafuu kwa kubadili waya wa diski tu?