Naomba ushauri: faluda ipoozwe polepole au kwenye barafu?

Assalamu alaykum ndugu na dada zangu. Nauza faluda, yaani kitamutamu cha kugandishwa, hapa Malindi, na nataka ikatike vipande bila kubomoka, wala isitoe maji kwenye sinia ifikapo mchana.

Jelatini ya kugandishia nimeiacha kabisa: huyeyuka kwenye nyuzi 30 na kitu, na joto la kaskazi linafika hapo. Agari, unga wa kugandishia utokanao na mwani, ni jambo jingine. Huyeyuka ikikaribia kuchemka, huganda ikipoa hadi nyuzi 32 mpaka 40 hivi, kisha haiyeyuki tena mpaka ipashwe karibu nyuzi 85. Hili hunishangaza kila siku! Molekuli zake zinapopoa hujisokota zenyewe mbili mbili, kisha hushikamana mafungumafungu na kufanya wavu unaoyashika maji. Ndiyo maana naona namna ya kupasha na kupoza ina uzito sawa na kipimo cha unga wa agari.

Ukwaju natia baada ya kuepua, maana asidi ikichemka pamoja na agari huikata minyororo yake na faluda hulegea.

Sasa, nikipoza polepole inakuwa ngumu lakini inavunjika. Kwenye barafu inakuwa laini mno. Je, ikishaganda, nikiiweka kwenye maji ya nyuzi 60 au 70 kwa muda kisha niipoze tena, wavu utaimarika au itazidi kutoa maji? Na mwenye kujua njia ya kupima ugumu bila mashine, mbali na kupanga mawe ya mizani juu ya kipande mpaka kipasuke, aniambie tafadhali.